Mkanda Uliozidi Meno Mawili

Mzee Teodori alifika kabla hatujafungua gereji. Tulimkuta amekaa juu ya ndoo tupu ya oili nje ya lango, nyuma yake fuso limebeba mashine yake ya kuvunia mpunga, na miguuni ameweka mfuko wenye viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Alikuwa amejiandaa kukaa.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi wa risiti?"

"Hapana baba. Mimi ni fundi."

Akaniangalia viatu, akaangalia ovaroli yangu, kisha akarudisha macho kwenye mashine yake kana kwamba ndiyo ingemthibitishia. "Haya," akasema.

Hapa Babati mtu akileta chombo kwa fundi, hakiachi. Anakaa nacho. Kila mmoja ana hadithi ya shemeji yake aliyeacha pikipiki asubuhi, akarudi jioni akakuta ina kabureta ya zamani kuliko pikipiki yenyewe. Kwa hiyo wateja wetu hukaa. Wengine hukaa saa moja, wengine mpaka adhuhuri, halafu njaa au usingizi huwaondoa. Mzee Teodori alikaa siku mbili, na katika siku hizo mbili sikuona hata mara moja akiipa mashine ile kisogo.

Ilikuwa mashine ndogo, rangi yake ya bluu imepauka, ubavuni ina maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Haina matairi. Inatembea juu ya mikanda miwili mipana ya mpira, kama katapila, ili isizame kwenye matope ya majaruba. Mikanda yake ya zamani ilikuwa imekwisha, nyuzi za chuma zinachungulia nje. Mwanawe, Benedict, alizunguka Arusha siku tatu akapata jozi moja tu, ya mashine ya aina nyingine. Upana ni ule ule, nafasi kati ya jino na jino ni ile ile. Tofauti ilikuwa urefu.

Tariq, mchomeleaji wetu, aliitandaza chini akaihesabu kwa ncha ya kiatu. "Arobaini na mbili. Ya zamani ina arobaini. Mzee, umeletewa mkanda wa kaka yake."

"Utaingia?" Mzee Teodori akauliza.

"Kuingia utaingia. Utaning'inia tu kama suruali ya marehemu."

Mzee hakucheka. Fundi Bushiri, mwenye gereji, alitoka ofisini akifuta miwani kwa pindo la kanzu aliyokuwa bado hajaivua. Aliuzunguka mkanda, akauinua upande mmoja, akauangusha. "Mkanda hatuukati," akasema. "Mkanda ukikatwa umekufa. Tutairefusha mashine."

Nilifurahi kusikia hivyo, maana nilikuwa nimewaza vivyo hivyo. Meno mawili ni sentimita kumi na nane. Mkanda unapita juu na unarudi chini, kwa hiyo gurudumu la nyuma linaloushikilia lilihitaji kurudi nyuma nusu yake, sentimita tisa. Gurudumu hilo limefungwa kwenye mkono wa chuma, na mkono unasukumwa na springi nene, ili mashine ikipanda tuta gurudumu linywee kidogo badala ya kuvunjika. Tungekata mkono, tungeongeza kipande, tungeuchomelea. Upande wa kulia na wa kushoto.

Mimi nilisoma zana za kilimo chuoni, miaka mitatu. Nilipomaliza, gereji nne mjini ziliniuliza kama nimeleta chai. Fundi Bushiri peke yake ndiye aliyeniuliza nimesoma nini. Aliponipokea aliniambia jambo moja tu la kushika. Zamani, alisema, fundi wake mmoja alitamka mbele ya mteja kwamba hana uhakika na pampu. Mteja akapakia trekta lake, akaondoka, na kufikia jioni soko zima lilikuwa linasema kwa Bushiri wanabahatisha. "Mbele ya mteja, Careen, hakuna 'sijui' na hakuna 'tumekosea'. Ukiona kosa, subiri aondoke, uniambie. Nitakusikiliza." Na kweli alikuwa akinisikiliza. Sina la kumsingizia.

Siku ya kwanza ilikwenda kwa kufungua. Mzee Teodori aliiweka kofia yake chini, kila nati iliyotoka akaomba apewe, akaitia ndani ya kofia na kuhesabu kwa sauti ndogo.

"Zilikuwa kumi na sita. Naona kumi na nne."

"Mbili umezikalia mzee," Tariq akasema.

Akainuka, akatazama juu ya ndoo. Hazikuwepo. Zilikuwa bado kwenye mashine, na Tariq akacheka mpaka akakohoa. Mzee akakaa tena, akamwambia taratibu, "Cheka tu. Wewe hujawahi kuibiwa na mtu anayecheka?"

Adhuhuri alikuja Benedict kwa pikipiki, kutoka Magugu walikokodi shamba. Alikuwa kijana wa umri wangu hivi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mpunga ulikuwa umeiva na kwelea kwelea walikuwa wameanza kushuka, makundi kama moshi. Ndege hao huanza kazi kunapopambazuka, kwa hiyo yeye na mama yake walikuwa wakilala shambani kwa zamu, wakipiga madebe.

"Dada fundi," akaniita. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo bila kutania. Akachuchumaa karibu yangu, akanyooshea kidole mkono wa nyuma. "Nikipanda tuta la mfereji, hiki kitafanyaje? Maana kule kwetu kugeuza ni juu ya tuta. Chini maji, juu mashine, na mimi nakaa upande wa mfereji."

"Kitanywea," nikasema. "Halafu kitarudi."

"Basi nakuamini wewe. Hawa wengine wanatukana tu." Akamnyooshea Tariq kidole, Tariq akamtupia kitambaa cha grisi, wakacheka. Baba yake akamwambia aache mchezo arudi kwa ndege. Akaondoka. Nakumbuka nilibaki nimeshika spana bila kufanya nayo kazi.

Siku ya pili, Jumatano, tulichomelea asubuhi, tukafunga magurudumu, tukavisha mikanda. Ilikaa vizuri. Fundi Bushiri alipima katikati ya mkanda, ukalegea vidole viwili, kama inavyotakiwa. Akapiga chuma kofi. "Imekubali," akasema, na kwa mara ya kwanza Mzee Teodori akatabasamu.

Ilikuwa kama saa saba. Fundi alikwenda kunawa. Tariq akapanda juu ya tangi la mpunga, lililoko nyuma ya mashine, kutia grisi kwenye mrija wa kumwagia. Mimi nilikuwa nimelala chini nikifuta matone ya rangi tuliyopaka kwenye chuma kipya. Nilisikia mlio mdogo wa springi. Nikaangalia mkanda, nikaupima tena kwa mkono, bila sababu, kwa mazoea tu.

Vidole vinne.

Tariq akashuka. Viwili. Nikamwomba apande tena, nikidanganya kwamba kuna sehemu haijapata grisi. Vinne.

Nilijua papo hapo tulichokosea. Tulikuwa tumerefusha mkono lakini springi tumeiacha ilipokuwa. Mkono mrefu unaishinda nguvu springi ile ile. Uzito ukija nyuma, mkono unanywea kupita kiasi, gurudumu linasogea mbele, mkanda unalegea. Na sisi tulikuwa tumepima tangi likiwa tupu, kwa sababu gereji haina mpunga. Tariq ana kilo themanini, sawa na gunia moja. Tangi lile linabeba magunia sita.

Nilichukua kipande cha mfuko wa saruji nikapiga hesabu, nikaipiga mara ya pili nikitumaini nimekosea. Tangi likijaa, kwenye ardhi tambarare mkanda ungeweza kushikilia. Lakini mashine ikigeuka juu ya tuta, uzito wote ukaegemea upande mmoja, mkanda wa upande huo ungetoka. Na Benedict alikuwa amenionyesha anakaa upande gani.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Kukata kishikio cha springi, kukirudisha nyuma sentimita sita, kukichomelea. Kazi ya nusu siku.

Nikakunja karatasi. Fundi Bushiri alikuwa anarudi, mikono inatiririka maji.

"Fundi," nikasema, "nina neno."

"Sema, injinia."

Mzee Teodori alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, juu ya ndoo yake, kofia ikiwa tupu miguuni. Alikuwa ameinua uso kunisikiliza.

"Baadaye," nikasema.

Nilisubiri aondoke. Hilo ndilo nililolifanya mchana ule wote, nilisubiri mzee mmoja asimame aende hata kununua maji. Hakwenda. Alikuwa amekuja na chai yake. Fundi alipotoka kwenda msikitini nilimfuata mpaka barabarani, lakini alikuwa na watu wawili wa dukani wanazungumza, na mimi si mtu wa kukatiza wanaume njiani. Nikarudi. Aliporudi yeye alikuta fuso limeshafika na vijana wa kupakia wanadai waondoke mapema.

Kisha Mzee Teodori akaniita. Aliniita kwa Kiiraqw. Sijui nani alimwambia kwamba kwetu ni Mbulu, labda alinisikia nikiongea na mama kwenye simu. Fundi Bushiri na Tariq hawajui hata neno moja la lugha hiyo, na ndiyo maana aliitumia. Aliniuliza taratibu, kama mtu anavyomuuliza mtoto wa jirani, kama kazi hii ni nzima. Alisema wengine ni watu wa maneno mengi, lakini mimi ameniona siku mbili sisemi, na mtu asiyesema huona.

Fundi Bushiri alikuwa ametutazama. Kuongea kilugha mbele ya mwajiri wako, mnanong'ona na mteja, hata kama unasema habari ya mvua, inaonekana ni njama. Na nikisema kuna kosa, mzee angesimama palepale, angelalamika, na vijana wa fuso wangesikia, na ningekuwa nimemtendea Fundi Bushiri kile alichoniomba nisimtendee.

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. "Fundi Bushiri ni fundi mkubwa, baba."

Haukuwa uongo. Mzee aliitikia kwa kichwa, akakusanya mfuko wake, akapanda fuso mbele kando ya dereva. Niliwaona wanakata kuelekea mjini, mashine ya bluu inatikisika nyuma, mikanda yake mipya ni myeusi kabisa.

Nikageuka kumtafuta Fundi. Alikuwa ameshaondoka na pikipiki ya mtu, amepigiwa simu nyumbani mkewe anaumwa.

Jioni nilimwandikia ujumbe. Niliuandika mara nne. Ule wa kwanza ulikuwa na neno "hatari", nikaona ni kama namkaripia mtu wa umri wa baba yangu. Nilioutuma ulisema hivi: "Shikamoo fundi. Pole na mgonjwa. Naomba kesho tukipata nafasi tuiangalie tena springi ya mashine ya Mzee Teodori. Usiku mwema." Akajibu: "Marahaba injinia. Sawa, kesho tutaongea." Nikausoma ujumbe wangu tena na tena nikijiambia nimesema.

Asubuhi Alhamisi alikuja saa tatu. "Haya, hiyo springi," akasema kabla hata hajakaa. Nikamweleza. Nikampa karatasi. Aliisoma amesimama, miwani ameisukuma juu ya paji la uso, na nilimwona anavyoelewa, kwa sababu mkono wake ulianza kufanya ule mwendo wa gurudumu hewani, unarudi, unasogea mbele.

"Wewe ulijua jana?"

"Saa saba, fundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mzee alikuwepo."

Fundi akatoa simu, akampigia Mzee Teodori. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Tariq akasema labda wako karibu na injini, hawasikii. Fundi akachukua ufunguo wa pikipiki, akavaa kofia ngumu, na alipokuwa anaipiga teke kuiwasha simu ikaita.

Sikusikia maneno ya upande wa pili. Nilimsikia yeye tu anasema, "Lini? Mguu gani? Mmemtoa?"

Ilikuwa imetokea kama saa mbili na robo, kwenye kona ya kwanza baada ya tangi kujaa. Mkanda wa kulia ulitoka. Mashine ililala ubavu ikateleza hadi mferejini, na Benedict alikuwa upande huo. Watu wa majaruba ya jirani waliinyanyua kwa miti na mabega. Mguu ulikuwa chini ya ule mkono tuliourefusha.

Daktari alijaribu kuuokoa kwa siku mbili. Siku ya tatu waliukata chini ya goti.

Siku ya nne, Jumatatu, Fundi Bushiri alifunga gereji, akaniambia twende tukamwone mgonjwa. Tulikwenda na bajaji, yeye amepakata mfuko wa machungwa. Mzee Teodori tulimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwona amepungua ndani ya koti lake. Akatupokea vizuri mno. Akasimama, akashika mikono ya Fundi kwa mikono yake yote miwili, akashukuru kwa kuja.

"Kijana alilala," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Alikesha na ndege, asubuhi akapanda juu ya mashine na usingizi wake. Yeye mwenyewe amekiri. Nimemwambia, nimemwambia kila siku nikikaa pale kitandani. Mashine nzima, mafundi wamefanya kazi siku mbili nikiona kwa macho yangu, na wewe unakwenda kusinzia juu ya tuta."

"Ajali, mzee," Fundi Bushiri akasema. "Pole sana."

"Mpunga ndege wanamaliza. Majirani wanatusaidia kuvuna kwa mundu lakini nao wana yao. Si kitu. Lakini mtoto niliyemlea asilale kazini..." Akatikisa kichwa.

Fundi aliniangalia. Sikuona katika macho yake kwamba ananikataza, wala kwamba ananiruhusu. Alikuwa anaangalia tu, kama mtu aliyebeba kitu kizito anayesubiri mwenzake ashike upande wa pili au aondoke.

"Hakulala, baba," nikasema.

Hilo nililisema kwa Kiswahili, halafu nikahamia Kiiraqw, nikasema yote. Springi, vidole vinne, tangi tupu, karatasi, saa saba. Nilisema hata ujumbe nilivyouandika. Mzee Teodori hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kwenye benchi taratibu, akishika ukingo kwanza kama kipofu.

Fundi Bushiri akachuchumaa mbele yake. "Mzee, sijui amekwambia nini lakini najua ni kweli. Kazi ni yangu. Gereji ni yangu. Huyu ni mtoto tu, usimweke kwenye hili."

"Huyu si mtoto," Mzee Teodori akasema. "Nilimuuliza."

Muuguzi akapita na toroli ya dawa, tukavuta miguu kumpisha.

"Nilikaa pale siku mbili," mzee akaendelea. Hakuwa anaongea na sisi. "Nililinda nati. Hakuna iliyopotea." Kisha akamtazama Fundi. "Ningeondoka kidogo, angekuambia?"

Fundi Bushiri alivua miwani. "Angeniambia."

"Ungetengeneza?"

"Ningetengeneza, mzee. Nusu siku."

Mzee Teodori akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, mpaka nikatamani aache. Mwisho akaninyooshea kidole mlango wa wodi. "Nenda ukamwambie yeye. Mimi nimemsema siku nne. Siwezi kuingia kabla hajajua."

Benedict alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Blanketi lilikuwa limeinuliwa kwa fremu ya waya ili lisimguse, na mtu angeweza kudhani chini yake kuna miguu miwili. Alinitambua. "Dada fundi," akasema. Hakuwa anatania hata sasa.

Nikasimama. Kiti kilikuwepo lakini sikuona kama nina haki nacho. Nikamwambia. Mara hii yalitoka kwa mpangilio mbaya, nikaanza na springi, nikarudi kwenye tuta, nikasahau kusema kwamba ni mimi niliyejua, ikabidi nirudi mwanzo niliseme hilo.

Alikuwa ameangalia dari.

"Kwa hiyo sikulala?"

"Hukulala."

"Nilijua." Machozi yakatoka, yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Nakumbuka nilikuwa naangalia ndege. Nilikuwa naona. Wakaniuliza ilikuwaje, nikashindwa kusema, baba akasema nimesinzia. Nikakubali. Ungekubali na wewe. Hakuna sababu nyingine, mashine imetoka kwa fundi jana." Kisha akauliza, "Ulijua saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Jumatano."

Niliona midomo yake inahesabu. "Saa kumi na tisa," akasema. "Ulikuwa na saa kumi na tisa. Na namba ya baba mlikuwa nayo."

"Ndiyo."

Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nadhani nilikuwa nalitaka. Aligeuza uso dirishani. Nje mawingu yalikuwa yamekaa chini kwenye mlima Kwaraa, hakuna kivuli popote.

"Mama umemwona?" akauliza.

"Bado."

"Ile asubuhi ilikuwa zamu yake kunipokea kwa ndege saa kumi na moja, nikalale kidogo. Alichelewa. Alipitiwa na usingizi, siku moja tu katika wiki mbili. Akanikuta nimeshawasha mashine." Akaendelea, "Tangu siku ile haongei. Anafua. Shuka ile ile aliyoifua jana, leo ameichukua tena. Anajua ni yeye aliyenikata mguu."

Nikaelewa anachoniambia.

"Mimi siwezi kumwambia, atadhani namfariji," akasema. "Wewe hana sababu ya kudhani unamfariji. Nenda."

Hakuniaga na mimi sikumuaga. Nilipita kwenye benchi, Mzee Teodori akainuka akaingia ndani bila kunitazama, mkono mmoja ukutani. Fundi Bushiri alibaki ameshika mfuko wa machungwa ambao hakuna aliyeupokea. Akaniuliza unakwenda wapi, nikamwambia nyuma, kwenye karo la kufulia.

Kulikuwa na wanawake sita wanafua, na mitungi ya maji imepangwa foleni. Mama Benedict sikuwahi kumwona kabla, lakini sikuhitaji kuuliza. Wengine walikuwa wanaongea. Yeye alikuwa ameinama juu ya beseni la bluu, ngozi ya mikono mpaka kwenye viwiko imekunjamana kwa maji, akisugua sehemu moja ya shuka ambayo haikuwa na doa lolote.

"Shikamoo mama."

Aliinua macho bila kusimamisha mikono. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia. Akavuta shuka kutoka majini na kutafuta kwa macho mtu wa kumsaidia kuikamua. Nikashika pindo la upande wa pili. Tukaisokota, yeye kulia, mimi kushoto, maji yakamwagika juu ya viatu vyangu, mengi, kisha machache, kisha matone.

"Mama," nikasema, "mimi ni fundi wa ile mashine."

Mikono yake ikasimama. Wanawake wengine wote wakageuka kuniangalia, na mimi nikaendelea.